Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyevuka Atlantiki dhidi ya upepo

MSAFIRI anayeabiri ndege ya moja kwa moja kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi hadi ule wa John F. Kennedy jijini New York hukata umbali wa takriban kilomita 11,800. Safari hiyo, ambayo shirika la Kenya Airways liliianzisha mnamo Oktoba 28, 2018, huchukua saa 15 hivi.

Anaporudi nyumbani, umbali ni ule ule, lakini saa hupungua. Aghalabu hufika Nairobi baada ya saa 14 hivi. Ni wachache miongoni mwa abiria wanaojiuliza saa hiyo moja imekwenda wapi.

Jibu la swali hilo lilijulikana vyema kwa mwanamke mmoja aliyelelewa Njoro, katika Bonde la Ufa, ambaye miaka 82 kabla ya safari hiyo kuzinduliwa aliondoka Uingereza peke yake akiielekea New York. Hakufika kwenye uwanja alioukusudia. Hata hivyo, jina lake liliingia katika historia ya usafiri wa angani na halijafutika hadi leo.

Mwanamke huyo ni Beryl Markham, aliyefariki jijini Nairobi mnamo Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Malezi ya Njoro

Beryl Clutterbuck, kama alivyoitwa kabla ya kuolewa, alizaliwa Oktoba 26, 1902, katika kijiji cha Ashwell nchini Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka minne hivi babake, Charles Clutterbuck, alipohamia Afrika Mashariki pamoja na familia yake na kuanzisha shamba huko Njoro.

Mzee Clutterbuck alikuwa mkufunzi wa farasi wa mashindano. Shambani mwake alifuga farasi, akapasua mbao na kusaga nafaka. Mamake Beryl hakuyaweza maisha hayo. Alirejea Uingereza akimchukua mtoto wake wa kiume, huku Beryl akiachwa nyuma na babake.

Kwa hivyo, msichana huyo alilelewa na watu wengi ambao hawakuwa wa ukoo wake. Alicheza na watoto wa Kiafrika waliokuwa wakiishi shambani, akajifunza Kiswahili na lugha ya Wanandi, na kufuatana na wawindaji wa Kinandi msituni akiwa na mkuki mkononi. Rafiki yake mkubwa wa utotoni, Kibii, ndiye aliyekuja kuitwa arap Ruta alipotahiriwa, na akafanya kazi pamoja naye kwa miaka mingi.

Ni muhimu msomaji akumbuke kwamba urafiki huo ulikuwa ndani ya mfumo wa ukoloni. Mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa yalikuwa kwenye ardhi waliyonyang'anywa wenyeji. Watoto hao wawili walicheza pamoja kama ndugu, lakini walipokuwa watu wazima, mmoja alikuwa mwajiri na mwenzake akawa mwajiriwa. Arap Ruta alijua farasi, na baadaye alijua kuitunza ndege, ila katika Kenya ya miaka hiyo urubani ulikuwa kazi ya Wazungu.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ukame ulimfilisi Mzee Clutterbuck, naye akaenda Peru kutafuta riziki. Beryl, ambaye alikuwa ameolewa mnamo 1919 akiwa bado kijana mdogo, alibaki Kenya. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani wala mali, lakini alikuwa na ujuzi mmoja aliourithi: aliwajua farasi.

Akiwa bado hajatimiza umri wa miaka 20, alipata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amelifanya nchini. Mnamo 1926, farasi wake aliyeitwa Wise Child alishinda mashindano ya St. Leger jijini Nairobi.

Ndoa yake ya kwanza haikudumu. Mnamo 1927 aliolewa na Mansfield Markham, tajiri wa Kiingereza ambaye jina lake alilibeba hadi kifo. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume mnamo 1929, lakini ndoa hiyo nayo ilivunjika, na mtoto akalelewa Uingereza na jamaa za babake. Wanaomsifu Beryl kwa ujasiri wake hawana budi pia kukiri kwamba maisha hayo yalikuwa na gharama, na kwamba sehemu ya gharama hiyo ililipwa na wengine.

Kutoka farasi hadi ndege

Wakati huo, usafiri wa ndege ulikuwa ndio kwanza unaingia Afrika Mashariki. Mnamo 1929, Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi. Jina la mama huyo ndilo linalobebwa na uwanja wa ndege wa Wilson hadi leo.

Rubani mkuu wa kampuni hiyo, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfunza Beryl kurusha ndege. Masomo yalianza katika kipindi kigumu. Mnamo Mei 1931, Denys Finch Hatton, mwindaji mashuhuri aliyekuwa mwandani wa Beryl, aliangamia ndege yake ilipoanguka huko Voi. Wengine wangeiogopa ndege baada ya msiba kama huo. Beryl aliendelea na masomo, akapata leseni yake mwaka huo huo.

Kufikia 1933 alikuwa amepata leseni ya kubeba abiria na mizigo kwa malipo, akawa mwanamke wa kwanza kuipata humu nchini. Alipeleka barua, dawa na vifaa kwa wachimbaji dhahabu na walowezi waliotawanyika mbali na reli. Alisafirisha wagonjwa. Aidha, aliajiriwa kuwatafuta ndovu kutoka angani kwa niaba ya wawindaji waliotaka pembe kubwa, kazi ambayo leo ingemfikisha mahakamani.

Viwanja vingi alivyotua havikustahili kuitwa viwanja. Vilikuwa vipande vya ardhi vilivyofyekwa, na usiku vilionekana kwa mioto tu. Ndege hazikuwa na redio. Rubani alikuwa na dira, saa, ramani isiyotimia, na macho yake mwenyewe.

Katika mazingira hayo, umbali haukupimwa kwa kilomita pekee. Ulipimwa kwa mafuta. Swali la kwanza la rubani halikuwa ni mbali kiasi gani, bali ni kama tangi lingemfikisha, na kama pana mahali pa kutua endapo lisingemfikisha.

Nairobi hadi London

Ili kuelewa ukubwa wa jambo alilolifanya baadaye, tuanze na safari iliyojulikana zaidi na wakazi wa Kenya ya wakati huo, ile ya London.

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Heathrow ni takriban kilomita 6,800. Ndege ya abiria ya leo huumaliza umbali huo kwa saa tisa hivi bila kutua popote.

Mnamo Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilipoanzisha huduma kutoka London hadi Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria, safari hiyo ilichukua zaidi ya wiki nzima. Abiria walibadilisha ndege mara kadhaa, wakapanda ndege za majini na hata treni kwa sehemu ya njia. Usiku walilala hotelini, kwa kuwa ndege hazikusafiri gizani.

Mnamo 1932, Beryl aliamua kuikata njia hiyo peke yake kwa ndege ndogo aina ya Avro Avian yenye injini moja. Alifuata Mto Nile kupitia Sudan na Misri, kisha akavuka Bahari ya Mediterania hadi Uingereza. Chini yake kulikuwa na vinamasi vikubwa vya Sudan ya Kusini, ambako ndege ikianguka si rahisi kumpata rubani, na baada ya hapo jangwa.

Alirudia safari ya Uingereza mnamo 1936, safari hii akiwa na Bror Blixen, mwindaji aliyewahi kuwa mume wa mwandishi Karen Blixen. Mara hii si hewa iliyowachelewesha, bali siasa. Waitalia walikuwa wakitawala Libya, na walikuwa vitani nchini Ethiopia. Rubani aliyepita katika himaya yao alilazimika kungoja vibali. Hapo tena inadhihirika kwamba kati ya viwanja viwili kuna mengi yasiyoandikwa kwenye ramani.

Upepo wa mbisho

Nahodha yeyote wa jahazi kutoka Lamu au Mombasa angeielewa hesabu iliyomkabili Beryl katika bahari ya Atlantiki. Mabaharia wa pwani yetu walijua tangu jadi kwamba umbali kati ya Mombasa na Maskati haubadiliki, lakini safari hubadilika kwa upepo. Kaskazi huwaleta, kusi huwapeleka. Anayetweka tanga wakati usiofaa hukumbana na upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, na hapo safari ya wiki huweza kuwa ya miezi.

Ndege nayo huelea katika hewa kama chombo kinavyoelea majini. Ikiwa ina uwezo wa kwenda kilomita 240 kwa saa na upepo unaisukuma nyuma kwa kilomita 40, basi ardhini inasogea kilomita 200 tu. Upepo huo huo ukigeuka ukawa nyuma yake, inasogea kilomita 280. Injini ni ile ile na mafuta yanayochomwa ni yale yale.

Katika Atlantiki ya Kaskazini, upepo kwa kawaida huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo sababu hadi leo ndege kutoka London kwenda New York hutumia karibu saa nane, ilhali inayorudi hutumia saa saba au chini ya hapo. Ndiyo sababu pia ile saa moja ya msafiri wetu wa Nairobi.

Mashujaa wengi wa Atlantiki tunaowasikia walivuka wakiwa na upepo mgongoni. Charles Lindbergh alitoka New York hadi Paris mnamo Mei 1927 kwa muda wa saa 33 na nusu. Amelia Earhart aliondoka Newfoundland mnamo Mei 1932, akatua Ireland ya Kaskazini baada ya saa 15 hivi. Wote wawili walielekea mashariki.

Kuelekea magharibi lilikuwa jambo jingine. Wajerumani wawili na mwenzao wa Ireland walifaulu mnamo 1928 wakiwa pamoja katika ndege moja. Jim Mollison alifaulu akiwa peke yake mnamo 1932 kutoka Ireland hadi Kanada. Lakini walioshindwa walikuwa wengi. Anne wa Löwenstein-Wertheim, binti wa ukoo wa kikabaila, alitoweka baharini mnamo 1927 pamoja na marubani wake wawili. Elsie Mackay alitoweka mnamo 1928 pamoja na rubani aliyeandamana naye. Kufikia 1936, hapakuwa na mwanamke aliyevuka peke yake kuelekea upande huo.

Saa 21 na dakika 25

Ndege aliyoitumia Beryl ilikuwa mali ya John Carberry, mlowezi tajiri aliyeishi Seremai, Nyeri, ambaye ndiye aliyemchochea kuifanya safari hiyo. Ilikuwa Vega Gull mpya iliyopewa jina la The Messenger, na ilikuwa imesajiliwa Kenya. Injini yake ilikuwa moja tu, ya nguvu za farasi 200. Viti vya abiria viliondolewa na mahali pake pakawekwa matangi ya ziada ya mafuta.

Aliondoka uwanja wa kijeshi wa Abingdon jioni ya Septemba 4, 1936, hali ya hewa ikiwa mbaya. Marubani wenye tajriba walikuwa wamemshauri angoje. Mollison alimwazima saa yake ya mkononi. Redio hakuwa nayo.

Karibu safari nzima ilikuwa ya giza, mvua na mawingu. Alilazimika kuongoza ndege kwa kutazama vipimo pekee, kwa maana nje hapakuwa na chochote cha kuona. Kila tangi lilitumika hadi likauke kabisa kabla ya kufungua jingine. Usiku huo, baada ya tangi moja kuisha, injini ilizimika na ndege ikaanza kushuka kuelekea baharini. Alipapasa gizani hadi akafungua tangi lililofuata, na injini ikawaka tena maji yakiwa karibu.

Palipokucha aliiona Newfoundland. Huo ndio mkato wa njia: ukinyoosha uzi kwenye tufe la dunia kutoka Uingereza hadi New York, uzi huo hupita Ireland kisha hugusa pembe hiyo ya Kanada kabla ya kuteremka kusini. Kwa hesabu ya ramani, sehemu mbaya zaidi ya safari ilikuwa imekwisha.

Kwa hesabu ya mafuta, ilikuwa bado. Akiwa kwenye kisiwa cha Cape Breton, injini ilianza kukatika ilhali tangi la mwisho halikuwa tupu. Barafu ilikuwa imeziba tundu la kupitishia hewa, na mafuta hayakuweza kuteremka vizuri. Aliteua kipande cha ardhi kilichoonekana kuwa shwari, akatua. Kumbe kilikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, ndege ikainama kwa pua, naye akajigonga kichwa. Wavuvi wa sehemu hizo ndio waliomsaidia.

Alikuwa hewani kwa saa 21 na dakika 25, na alikuwa amekata zaidi ya kilomita 4,000. Ukigawanya umbali huo kwa muda huo, unapata mwendo wa takriban kilomita 200 kwa saa, kwa ndege iliyokuwa na uwezo wa kupita kilomita 240. Pengo hilo ndilo ushuru aliotozwa na upepo.

Beryl mwenyewe aliona kwamba ameshindwa, kwa maana uwanja aliouahidi ulikuwa New York. Wamarekani hawakuliona hivyo. Alipopelekwa huko kwa ndege nyingine, alipokewa na umati mkubwa kama mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki ya Kaskazini peke yake kutoka mashariki hadi magharibi.

Furaha hiyo haikudumu. Septemba 19, 1936, wiki mbili tu baada ya safari yake, mwalimu wake Tom Campbell Black aliuawa katika uwanja wa Speke, Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake. Hakuwa angani. Alikuwa ardhini, akijiandaa kuondoka.

Marejeo ni ngamani

Mnamo 1942 Beryl alichapisha kumbukumbu zake, West with the Night, akiwa Marekani. Kitabu kilisifiwa, kisha kikasahauliwa. Baadaye kulizuka mjadala kuhusu kiasi alichosaidiwa na mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, aliyekuwa mwandishi. Mjadala huo haujaisha. Hata hivyo, hakuna anayebisha kuhusu nani aliyekuwa ndani ya ile ndege.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika miaka ya 1950 Beryl alirejea Kenya na kuishika tena kazi ya babake. Farasi wake walishinda mashindano ya Derby ya Kenya mara kadhaa, na kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa wakufunzi bora.

Uzeeni alifikwa na ufukara. Aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Kitabu chake kilipochapishwa upya mnamo 1983, baada ya barua ya Ernest Hemingway iliyokisifu kugunduliwa, mapato yake yalimpunguzia dhiki za miaka ya mwisho.

Kenya huru haikumpa Beryl nafasi kubwa katika orodha ya mashujaa wake, na si vigumu kuelewa kwa nini. Alikuwa mtoto wa walowezi, na milango iliyomfungukia ilikuwa imefungiwa wengine, akiwemo rafiki yake wa utotoni. Lakini milango haikai imefungwa milele. Irene Koki Mutungi, binti wa Kenya, alikuwa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuwa nahodha wa ndege aina ya Boeing 787 Dreamliner, ndege ya aina ile ile iliyotumiwa kuzindua safari ya Nairobi hadi New York mnamo 2018.

Msafiri wa leo anapolala kitini huku ndege ikikata kilomita 11,800, hahitaji kujua tangi lipi linatumika wala upepo unavuma kutoka wapi. Wako wanaojua kwa niaba yake. Ujuzi huo ulipatikana kwa kujaribu, na wengi waliojaribu hawakurudi. Binti wa Njoro alirudi.